Thelathini na Sita Nukta Tano

Pacha wale walipishana kuzaliwa kwa dakika kumi na moja, na kwa miaka kumi na tisa hawakupishana tena kwa jambo lolote kubwa. Walilala kitanda kimoja, wakakaa dawati moja, wakaugua tetekuwanga wiki moja. Tofauti yao ilikuwa mdomo. Wa kwanza alizungumza tangu anapofungua macho mpaka usingizi unapomkatiza katikati ya sentensi, na wa pili alikaa kulia kwake akisikiliza. Jirani mmoja mwenye utani akawabatiza Redio na Betri. "Huyu anapiga kelele, na huyu ndiye anayempa nguvu ya kupiga," alisema. Majina yakawaganda, hata walimu wakayatumia.

Matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka, wote walikuwa wamefaulu vizuri sana. Baba yao, fundi cherehani, alifunga kazi saa nne asubuhi, jambo ambalo mwenyewe alisema hakulifanya hata siku aliyooa. Akasimama barazani akatangazia mtaa: "Madaktari wawili! Tumbo moja, madaktari wawili!" Tangu siku hiyo mteja aliyeleta suruali kupunguzwa alipimwa kiuno huku akisimuliwa habari za madaktari, na hakuruhusiwa kuondoka mpaka aseme hongera. Shangazi yao, dada mkubwa wa baba, alianza mapema kuwaonyesha goti lake linalomsumbua.

Hakuna aliyemuuliza Betri anataka nini, na Betri mwenyewe hakuona kwamba alipaswa kuulizwa. Redio alitaka udaktari tangu darasa la tatu. Alichotaka Redio ndicho walichotaka wote wawili.

Mama yao alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Katika wiki zile za kungoja kujaza maombi ya chuo, Betri ndiye aliyempelekea mama chakula cha mchana, kwa sababu Redio alikuwa na marafiki wengi wa kuwaaga. Alikaa kwenye benchi la ukumbini na kuangalia ndani kupitia dirisha. Kulikuwa na masanduku sita ya kioo yaliyotunza joto, kila moja na mtoto wake asiyezidi kiganja na nusu, na juu ya kila sanduku palikuwa na namba nyekundu zilizoonyesha joto la mtoto.

Mama alikuwa na mazoea yake. Kila alipopita, aliingiza mkono kwenye tundu la pembeni akamgusa mtoto mguu kwa mgongo wa vidole. Siku moja Betri akamwona amegusa, kisha amesimama. Akagusa tena. Akamwita muuguzi mwenzake.

"Hebu mshike huyu."

Mwenzake akashika. "Mbona wa baridi?"

"Soma namba."

"Thelathini na sita nukta tano. Safi kabisa."

"Basi mashine inasema uongo," mama akasema.

Walimtoa mtoto haraka, wakampeleka kwa mama yake mzazi, wakamfunga kifuani ngozi kwa ngozi mpaka miguu ikapata rangi. Sanduku likasukumwa nje ukumbini na kubandikwa karatasi iliyoandikwa MBOVU. Mama akatoka, akaketi kwenye benchi kando ya Betri, akashika bakuli la chakula bila kulifunua.

"Jumatatu alikuwemo mwingine humo humo," akasema, kama anayezungumza na ukuta. "Jumatano tukampoteza. Ilikuwa zamu yangu." Akalizungusha bakuli mikononi. "Labda si sanduku. Alikuwa mdogo mno, gramu mia tisa. Labda si sanduku." Kisha akamgeukia. "Usimwambie mtu."

Betri akatikisa kichwa kukubali. Kwa kunyamaza, hakuwa na mpinzani nyumbani kwao.

Mhudumu alipokuja kulisukuma lile sanduku, Betri alijikuta amesimama na kulifuata. Lilipita jikoni, likapita chumba cha kufulia mashuka, likaingia kwenye karakana ndogo yenye dirisha moja. Humo aliishi, mtu angeweza kusema hivyo, fundi wa mashine za hospitali, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Watu walimwita Fyuzi. Alikuwa amezungukwa na mashine mpaka dari: za kupima mapigo, za kuvuta makohozi, mbili za oksijeni ambazo hazijawahi kutolewa plastiki.

"Umepotea," Fyuzi akamwambia. "Maabara ni mlango wa kijani."

"Nimefuata sanduku la wodini kwa mama. Nataka kujua kwa nini limedanganya."

Mzee akamtazama juu ya miwani, akavuta kiti kwa mguu, akamsogezea. Alifungua mfuniko wa nyuma, akatoa waya mwembamba wenye kichwa kidogo kama punje ya mchele. Akaweka kile kichwa kwenye kikombe cha maji ya moto, akasoma namba. Akakihamishia kwenye maji ya baridi. Namba ikasogea kidogo tu, kwa uvivu, ikasimama.

"Huu ndio unaolalia ngozi ya mtoto," akasema. "Umechoka. Ungekatika kabisa ingekuwa afadhali, mashine ingepiga kelele. Lakini umechoka nusu, basi unabahatisha, na mashine inauamini."

"Kwa nini iliundwa hivyo? Kwamba inaweza kudanganya bila kupiga kelele?"

Fyuzi akacheka bila furaha. "Mimi natengeneza, binti. Naondoa kibovu naweka kizima. Kwa nini iliundwa hivyo, muulize aliyeichora. Mtu aliyesoma, huko aliko. Sidhani kama amewahi kukaa wodini kwa mama yako siku moja."

Swali lile likamwingia Betri kama mwiba wa samaki kooni. Halikushuka wala halikutoka. Alirudi karakana siku iliyofuata, na iliyofuata. Aligundua kwamba zipo shahada za kazi hiyo, kwamba kuna watu wanasoma miaka minne mwili wa mtu na umeme na hesabu kwa pamoja ili wachore vitu kama vile: uhandisi wa vifaa tiba. Alipomtajia Fyuzi, alidhani mzee angefurahi.

"Usije huku," Fyuzi akamwambia, akifuta mikono. "Huku hakuna mtu. Mashine ikipona anashukuriwa daktari. Ikifa naitwa mimi, tena kwa ukali. Miaka ishirini na saba, hakuna wodi iliyowahi kuniita hata kwenye chai. Kasome udaktari na mwenzio."

Alisema hivyo kwa nia njema, na Betri aliamini kila neno. Ndiyo sababu alipoamua, aliamua akijua.

Redio alikuwa ameshajaza maombi ya wote wawili kwenye kompyuta ya duka la fotokopi: vyuo vilevile, mpangilio uleule, udaktari kwenye chaguo la kwanza mpaka la tatu. "Nimekujazia na zako," alimwambia, kama alivyomjazia fomu tangu shule ya msingi. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa. Alhamisi mchana Betri alikwenda pale dukani peke yake.

Dada wa fotokopi alimpa kompyuta ya pembeni, akasimama nyuma yake akitafuna kalamu. "Unabadilisha? Uhandisi wa vifaa tiba. Ndiyo kutengeneza vitanda?"

"Na vitanda vimo."

"Haya. Mwenzio yuko wapi leo? Nilidhani mmeunganishwa."

Betri akabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha yakatokea maandishi ya kijani kwamba ombi lake limepokelewa. Akageuka kushoto kumwambia mtu. Kushoto kulikuwa na kiti cha plastiki chenye rundo la karatasi.

Alimwambia Redio jioni hiyohiyo, wakikunja nguo zilizokauka. Redio kwanza alicheka, akidhani ni utani. Kisha akasimama na shuka mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao akakosa neno.

"Ungeniambia kabla," akasema mwishowe.

"Ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza! Ndiyo maana ya kuniambia!" Akaliweka shuka chini. "Hujachagua kozi wewe. Umechagua kuniacha."

Siku ile walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na hivyo ndivyo walivyolala mpaka siku ya kuondoka.

Jumapili baba akaita kikao. Alikaa yeye, mama, Shangazi na goti lake kwenye stuli, na wale wawili kwenye kochi moja, kila mmoja mwisho wake.

"Fundi," baba akaanza. Alilitamka neno hilo polepole, kama anayelipima kwa futi yake ya kazini. "Miaka thelathini nimeinama kwenye cherehani ili mwanangu asome, asome, asome, halafu aje kuwa fundi. Fundi si nipo mimi hapa? Ungeniambia mapema nikakupa sindano ukaanza zamani."

"Si fundi, baba, ni mhandisi."

"Anashika bisibisi, hashiki?"

"Anashika."

"Basi!"

Shangazi akaingilia kwa upole. "Mwacheni, akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Hawa hata nywele walizaliwa nazo sare!" baba akasema. "Hebu niambie, mwanangu, nieleweshe, labda mimi ndiye mjinga. Daktari anaokoa watu. Wewe utaokoa nini? Nyaya?"

Betri alimtazama Redio, aliyezoea kumsemea. Redio alikuwa anaangalia kucha zake. Chumba kizima kilimngoja yeye, na maneno yaliyozoea kumkimbia yakaja yote kwa mkupuo.

"Kuna mtoto amekufa wodini kwa mama. Sanduku lilisema ana joto, kumbe ana baridi. Daktari alipita akasoma namba, akaamini. Mama alikuwa zamu siku hiyo, naye hakujua. Madaktari hata wangekuwa mia, wote wangeisoma namba ileile. Mimi nataka kuwa yule anayehakikisha haidanganyi."

Shangazi akashusha mguu kutoka kwenye stuli. Mama aliweka kikombe chake mezani kwa uangalifu, kikiwa katikati ya kisahani, akasema "Haya," akaondoka chumbani. Mlango wa uani ukasikika.

Baba aliutazama mlango ule kwa muda. "Sikujua," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akamwambia Betri, "Nenda. Kasome hiyo yako."

Ulimi hauna mfupa. Betri alishinda kikao kile, na akajua alichokivunja kabla hata hajasimama. Alimfuata mama uani. Mama alikuwa anafua vazi lake la kazi ambalo lilikuwa safi tayari.

"Mama..."

"Nipishe, maji yatakurukia."

Wiki zilizobaki mama alimsemesha kwa mambo ya lazima tu: sufuria iko wapi, nani kafunga geti. Hakumgombeza, wala hakumnunia mbele za watu. Alimpakia begi kwa haki, soksi kwa soksi na sabuni kwa sabuni, sawa na la Redio. Lakini siku Betri anaondoka, siku tatu baada ya Redio, mama alikuwa zamu, na hakuibadilisha.

Baba ndiye aliyemsindikiza. Njiani alibeba kifurushi kwapani, akakitoa dakika ya mwisho, akiwa anaangalia pembeni. Lilikuwa koti la kazi la kijivu, lenye mifuko minane.

"Mwenzio nimemshonea jeupe, mifuko miwili," akasema. "Ila fundi hawezi kuishi na mifuko miwili. Hilo najua mimi."

Chuoni kwake, tofauti na cha Redio, darasa lao lilikuwa la watu kumi na wanne. Wasichana walikuwa wawili. Wa pili alihamia famasia wiki ya tatu. Somo la mwili wa binadamu walilisoma pamoja na wanafunzi wa udaktari kwenye ukumbi mkubwa, mamia ya watu wanaocheka na kushikiana nafasi, na likiisha wale mamia walitoka kwa mlango wa mbele na wale kumi na watatu wakashuka ngazi za nyuma kwenda maabara ya umeme. Kila aliyekutana naye alimuuliza anasoma nini, na kila mara alianza upya kueleza. Akaona ni rahisi zaidi kutokutana na watu.

Chumba alipangiwa cha peke yake, kwa bahati ambayo wengine waliionea wivu. Hakuwahi kulala peke yake maishani. Kulikuwa kimya kiasi kwamba alisikia saa ya mkononi ikiwa ndani ya droo. Wiki nyingine alipitisha Jumamosi na Jumapili nzima bila kutamka neno, na Jumatatu alipoitika jina darasani sauti ilitoka imekwaruza, kama ya mgonjwa. Wakati wote alikuwa mtu wa kimya, lakini sasa akajua kwamba kimya cha zamani kilikuwa kimeegemea kelele za mtu.

Redio alipiga simu kila siku, halafu mara moja kwa wiki. Alikuwa amepata marafiki kumi. "Unajua kuna mtu huku hajui kabisa kama nina pacha?" alimwambia siku moja akicheka, kama anayetoa habari njema. Betri naye akacheka. Baada ya simu kukatika alikaa kitandani muda mrefu, mikono mapajani. Nyumbani alipiga kwa baba. Baba alimpa salamu za mama. Salamu zilikuwa zilezile kila mara, na Betri alishuku ni baba anayezitunga.

Mwezi wa tatu chuoni alichukua fomu ya kubadilisha kozi. Akajaza jina, namba ya usajili, kozi ya sasa. Penye "sababu za kuhama" akaandika "Huku", akasimama. Neno lililofuata lilikuwa "hakuna mtu", na alilitambua kwamba si lake, ni la Fyuzi. Akafikiria mzee yule na mashine zake mpaka dari, na akaona kwamba yeye akihama, huku kutazidi kukosa mtu. Haikumwondolea upweke hata chembe. Fomu ilikaa mezani wiki mbili, kisha akaandikia hesabu za umeme nyuma yake.

Alirudi nyumbani mwisho wa muhula. Redio alikuwa amebaki chuoni kwa mitihani. Baba alikuwa na mteja. Mama alikuwa chumbani anapiga pasi vazi la kazi, na hakuinua macho.

"Umekonda," akasema.

"Kidogo."

Pasi ikaenda, ikarudi. Betri alisimama mlangoni na begi begani.

"Nilikwambia usimwambie mtu," mama akasema.

"Ulisema."

"Ukawaambia."

"Niliwaambia. Nisamehe, mama."

Mama akageuza mkono wa vazi, akanyoosha mkunjo kwa vidole. "Watu wanadhani nilikasirika kwa sababu ya kozi. Kozi ni yako, hata ungesomea kuendesha treni. Mimi nilikuwa bado sijamaliza kujiambia mwenyewe. Kila siku najiambia kidogo, nashindwa, naacha. Wewe ukanitangulia, ukalisema lote kwa mara moja, mbele ya wifi yangu, ili ushinde."

"Ni kweli," Betri akasema.

"Kuomba umeomba," mama akasema. "Nipe muda. Hebu shika kola hii, inanikimbia."

Betri akaweka begi chini, akashika kola. Walipiga pasi vazi la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la tatu mama alisema kwamba yule mtoto alikuwa wa kike, na kwamba mama yake alikuwa ameshampa jina. Akalitaja. Betri akalirudia taratibu ili asilisahau, na hajawahi kumwambia mtu mwingine.

Wiki mbili za likizo zilipoisha, mama alibadilishana zamu na mwenzake. Walitembea pamoja mpaka kituoni bila kuzungumza, mama akiwa ameshika mkono mmoja wa begi na Betri mwingine. Walipofika, mama alimtengenezea ukosi wa koti la kijivu, akahesabu mifuko kwa kidole, akatikisa kichwa kwa mambo ya mumewe.

"Ukifika piga simu," akasema.

"Nitapiga."

"Nipigie mimi. Si baba yako."

Betri alipanda, akapata kiti cha dirishani. Kiti cha pembeni kilibaki wazi safari nzima. Alipofika alifungua chumba chake, akakung'uta vumbi la mezani, na kabla hata hajavua viatu akapiga. Mama alipokea kwenye mlio wa kwanza, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi. Hawakuwa na mengi ya kusema. Mama akamuuliza kama kuna maji, Betri akasema yapo; akamuuliza kama dirisha linafunga vizuri, akasema linafunga. Halafu wote wakanyamaza, na hakuna aliyekata.